Dera Halizuii Upepo wa Hanang

Ukiwa mwanamke mnene katika nchi hii, swali lako lolote la mavazi lina jibu moja: dera. Una msiba? Vaa dera. Una ubatizo wa mtoto wa dada yako? Dera, ila lile la maua. Ukilalamika kwamba huna cha kuvaa kwenye kikao cha wazazi, mwenzako mwenye kiuno chake anakutazama kwa huruma na kukuuliza, "Kwani yale madera yako yako wapi?"

Naomba niulize na mimi. Hao waliotuletea dera walishawahi kulala Gitting? Dera ni vazi la Dar es Salaam, la Tanga na Unguja, huko ambako mtu akipitiwa na kaupepo anamshukuru Mungu. Sisi wa Gitting tuko ubavuni mwa Mlima Hanang, mlima unaozidi mita 3,400, na ikifika mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka asubuhi hadi ng'ombe aliye mbele yako unamjua kwa kengele. Upepo wa huku haupigi hodi. Unaingia kwa chini, unapanda, unazunguka tumbo, unatokea shingoni, na wewe umesimama mstarini mbele ya shule nzima, dera limejaa hewa kama turubai la lori la ngano. Watoto wanaimba wimbo wa taifa, lakini macho hayako kwenye bendera.

Nieleweke. Sina ugomvi na mwili wangu. Huku kwetu mwanamke akinenepa wazee wanamsifu hadharani, tena kwa sauti: "Mwalimu, umependeza, naona mshahara umekukubali." Mshahara haujanikubali hata kidogo, ila naitikia. Ugomvi wangu ni na vifungo. Nataka koti linalofunga. Koti la heshima, la sufu, lenye mfuko wa kutia mkono na kipande cha chaki, lishuke kidogo chini ya makalio, na vifungo vyake vikutane na matundu yake bila mimi kushika pumzi. Watu wameomba makubwa kuliko hayo wakapewa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba makoti makubwa yapo. Simama barabarani asubuhi yoyote uyahesabu yakipita. Mzee mwembamba, mkavu, anaswaga mbuzi wake akiwa ndani ya koti la suti lililoshonewa Mjerumani mwenye kitambi. Mikono ameikunja mara mbili, shuka ameitupia begani, kofia kichwani, fimbo mkononi. Ndani ya koti lile angeingia yeye, mke wake na mbuzi mmoja. Hakuna anayemcheka, na wala hakuna anayemwambia avae dera. Mimi ambaye koti lile lingenikaa kama limekatwa kwa jina langu, napita na sweta lisilofika tumboni na khanga nimejifunga juu yake, na ile khanga nayo ilipimwa na mtu wa kiwandani aliyeamua kwamba mwanamke huishia sentimita 150.

Chanzo cha makoti haya, kama mjuavyo, ni mitumba. Wakubwa wetu wanasimulia miaka ile kabla ya biashara kulegezwa, katikati ya miaka ya themanini, watu walivyopanga foleni dukani kwa ajili ya kitenge, na ukikipata hukiulizi rangi. Kisha mlango ukafunguliwa, mabalo yakaingia, na wanene wa Ulaya na Marekani wakaanza kutuletea nguo zao bila kujua. Balo la kawaida lina kilo 45, ambazo ni nusu yangu, na tusiendelee hapo. Likifunguliwa mnadani Katesh na kumwagwa kwenye turubai, mtu wa mwili wangu anapaswa kufurahi kuliko wote. Nguo kubwa zimejaa tele. Magauni yenye kifua, sketi zenye nyonga, makoti ya mama wa Kanada aliyekuwa halali na njaa.

Shida ni kwamba fundi cherehani naye ameamka mapema.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo wembamba hawalijui. Nguo kubwa ya mtumba haiuzwi kama nguo. Inauzwa kama kitambaa. Muuzaji akiishika tu anaitupa pembeni, kwenye lile fungu la bei ya chini, na mafundi wanalivamia. Gauni moja la mwanamke mnene wa Uingereza linatoa magauni mawili ya ubatizo na kitambaa cha kichwa. Suruali moja inatoa kaptula za shule. Ukitaka kujua jinsi uchumi unavyomtazama mwanamke mnene, nenda mnadani uone nguo yake ikithaminiwa kwa idadi ya watoto wanaoweza kukatwa humo.

Mwaka jana, msimu wa baridi, nililiona koti. La buluu iliyokolea, sufu nzito, bitana safi isiyochanika popote, vifungo sita vyote vipo na cha akiba kimeshonwa kwa ndani. Nikaingiza mkono wa kulia, ukapita. Mtu mwembamba hawezi kuelewa sentensi hiyo. Mkono ulipita, ukafika kwenye kiganja, na bega likakaa begani. Naenda kuingiza wa kushoto, naona hauji. Kumbe mkono wa kushoto umeshikwa na fundi.

"Madam, shikamoo," akasema, bila kuachia.

"Marahaba. Fundi, achia nivae."

"Hili nimeshalilipia, Madam. Ulizia tu."

Namwangalia muuzaji, muuzaji anaangalia mlima.

"Unalipeleka wapi koti hili, fundi? Wewe litakufunga mara tatu."

"Mimi silivai. Hapa natoa jaketi mbili za watoto, nzuri kabisa."

"Mimi hapo natoa mtu mzima mmoja!"

Watu wakacheka. Mama mmoja wa Kibarbaig aliyekuwa ananunua chumvi jirani alisimama akatutazama kwa utulivu. Alikuwa amevaa sketi yake ya ngozi, ile iliyokatwa mikanda mikanda inayoning'inia, imezungushwa kiunoni na kufungwa. Nikamwonea wivu wa kweli. Akinenepa, anaachia kamba. Akikonda, anaikaza. Tangu azaliwe hajaambiwa "hiyo saizi imeisha". Hawa ndio waliopaswa kuitwa Dar es Salaam kufundisha ubunifu wa mavazi.

Koti likaenda. Shule zilipofunguliwa, mtoto wa darasa la nne akaingia na jaketi ya buluu iliyokolea, sufu nzito, vifungo vitatu. Dawati la mbele. Nimefundisha hesabu za sehemu muhula mzima huku koti langu likinitazama, na vifungo vitatu vilivyobaki viko darasa la kwanza kwa mdogo wake. Watoto wazuri, wana adabu, wanapata joto. Sina la kusema. Ila kila nikiandika ubaoni robo na nusu, nafsi inaniuma.

Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Arusha wakaelekeza kwamba mitumba iondolewe taratibu ndani ya miaka mitatu ili viwanda vyetu vipumue. Wanene wengi hatukulala vizuri. Viwanda vyetu navitakia kila la heri, lakini hadi leo sijaona kiwanda kilichojua kwamba nipo. Baadaye Marekani ikanuna, Rwanda ikashikilia msimamo wake na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafasi ya kupeleka nguo huko bila ushuru, wenzake wakarudi nyuma, mabalo yakaendelea kushuka. Kuna wanaoliona jambo hilo kama fedheha ya kiuchumi. Mimi naliona kama sidiria.

Maana, tukifika kwenye sidiria, serikali imenishika pabaya. Shirika la Viwango, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, kwa sababu za afya, na kwa akili zangu timamu nakubaliana nao. Lakini sidiria mpya zinazoletwa madukani zimetengenezwa na mtu anayeamini kwamba mwanamke akiwa mpana mgongoni, mbele amebaki na miaka kumi na mitatu. Unapata mkanda wa kukuzunguka, vikombe vya kunywea kahawa. Sitaki kuvunja sheria za nchi. Naeleza tu kwamba sheria hii mzigo wake hatuubebi sawa.

Basi watu wananiambia, acha mitumba, nunua dukani. Nimekwenda madukani, Katesh na Babati. Binti wa dukani, mwembamba wa kupita chini ya mlango, ananipokea vizuri: "Karibu mama." Kisha anatazama ukuta mzima wa nguo, ananitazama mimi, anatazama tena ukuta, halafu anaingia stoo. Anarudi na kitu kimefungwa kwenye nailoni. "Hii hapa mama, frii saizi." Frii kwa nani? Nikiivuta, inavutika hadi naona rangi ya kandambili zangu kupitia kitambaa. Kuna nyingine imeandikwa XXXL kwa ndani, X tatu za kujigamba, na haipiti kichwani. XL ya Marekani na XL ya China hazijawahi kukutana. Hata namba hazielewani: gauni la 16 la Uingereza kwa Mmarekani ni 12, hivyo mtu unaweza kupungua namba nne kwa kuhama turubai tu. Mnadani hilo ndilo zoezi pekee la kupunguza mwili lililonifaa.

Nimejaribu na Kariakoo kwa simu. Kuna muuzaji mmoja anatangaza nguo za vibonge, na picha zake zote kavaa msichana ambaye akinywa maji unayaona yakishuka. Nikatuma vipimo: kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu. Akajibu kwa sauti, "Itakuenea mamii, usiwe na wasi." Hela ikaenda, mzigo ukapanda basi, ukafika Katesh, ukaletwa na bodaboda aliyenidai nauli ya kifurushi. Gauni lilikuwa zuri, kwa kweli. Mwili ukaingia wote, isipokuwa mikono. Mabonge, kwa mujibu wa muuzaji huyo, hunenepa kuanzia kifuani hadi magotini na mikono wanaiazima. Nilipomwandikia, akanijibu nikate mikono niweke ya lesi. Kwa baridi ya Gitting, mikono ya lesi!

Hapo ndipo unajikuta umerudi kwa fundi, yule yule, maana mtu mzima hamsusi fundi kwa hasira. Ukutani kwake kuna kalenda za mishono, akina mama wa Nigeria wamesimama mkono kiunoni, viuno vimekatwa na kompyuta. Unachagua mshono. Fundi anautazama, anakutazama, anakohoa.

"Huu, Madam, ungekaa vizuri zaidi kama tungeuachia kidogo."

"Kuachia wapi?"

"Hapa. Na hapa. Na huku nyuma. Na kiunoni tusikate kabisa."

"Sasa hilo si dera, fundi?"

"Ni kama dera, ila la kisasa."

Lakini usipoachia, unashtakiwa. Sisi watumishi wa umma tuna waraka wa Utumishi unaohusu mavazi, na humo nguo za kubana hazitakiwi kazini. Sawa kabisa. Ila ninyi wenye hekima mnieleze: sketi ile ile, duka lile lile, kwa mwalimu mwembamba inaitwa sketi, kwangu inaitwa inayobana. Na urefu pia. Sketi ya mwanamke mwenye nyonga huwa ina urefu wa aina mbili, wa mbele na wa nyuma, kwa kuwa nyuma kuna mlima wa kupanda kabla ya kushuka. Mbele nimevaa kwa mujibu wa waraka, nyuma nimekiuka. Mama yangu alikuwa msichana mwaka 1969, wakati vijana wa TANU walipoanza Operesheni Vijana ya kuwasaka waliovaa mini na nguo za kubana. Ananiambia kwa majivuno kwamba yeye hakuwahi kukamatwa. Mama yangu ana kilo hamsini. Angekamatwa kwa lipi?

Lakini haya yote ni utangulizi wa jambo linaloniuma kweli, nalo ni sare ya kwaya.

Kwaya yetu ya akina mama ilialikwa kuimba Mbulu. Tukakubaliana kitenge kipya. Mweka hazina, mwanamke makini ambaye kwa hela hana undugu, akapiga hesabu mbele yetu: pisi moja ina yadi 6, watu wawili, kila mtu yadi 3, mchango sawa. Watu wakapiga makofi. Mimi nikanyoosha kidole.

"Mama mwenyekiti, mimi tatu hazinitoshi."

Kimya. Halafu kila mtu akawa na huruma, na hakuna kitu kibaya kama huruma ya kikao. Mmoja akasema Mwalimu aongeze mwenyewe. Mwingine akasema akiongeza atanunua pisi nzima, itakuwaje, abaki na yadi mbili za sare ya kanisa ndani? Wa tatu, kwa nia njema kabisa, akashauri mimi nishone blauzi kwa kitenge na chini nivae sketi nyeusi, "kama mwalimu wa kwaya". Mimi si mwalimu wa kwaya. Mwalimu wa kwaya ni mwanamume na anavaa koti kubwa linalomzidi, hajawahi hata kujaribu kulifunga. Mwishowe mwenyekiti akapata ufumbuzi uliosifiwa na wote: Mwalimu apewe mabaki ya wale wembamba.

Mkasikia wenyewe. Mabaki. Fundi akakusanya vipande vya soprano wanne akavipeleka kwenye gauni langu, chini ya makwapa, ubavuni, na panda moja kubwa nyuma. Kitenge chenyewe kilikuwa na ndege, ndege wakubwa wazuri wamekunjua mabawa. Wenzangu wote walikuwa na ndege mzima kifuani. Wangu kichwa kiko kwapani, bawa moja ubavuni, na miguu imetokea mgongoni ikielekea juu. Tulipopanga mistari, mwalimu wa kwaya akanisogeza nyuma kabisa, "ili sauti ibebe." Mimi ni soprano.

Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa nchi hii, wa miaka 15 hadi 49, wana uzito uliozidi. Hiyo ni zaidi ya robo. Daktari akiisoma namba hiyo anashika kichwa, na ana haki yake. Mfanyabiashara mwenye akili angeshika daftari. Zaidi ya robo ya wanawake wana hela mkononi, wana harusi za kuhudhuria, wana baridi, na dukani wanatolewa kitu kutoka stoo.

Kwa sasa nimeamua kujisimamia. Nimefanya makubaliano na muuzaji mmoja wa mnadani, kijana mstaarabu. Akifungua balo la makoti, kila lililo kubwa analisukuma chini ya turubai kabla mafundi hawajafika, ananipigia simu, namlipa bei ya koti na si ya kitambaa. Msimu huu tulianza vizuri. Nimepata moja la kijivu, vifungo vinne, linafunga hadi juu na hata nikikaa. Nimelivaa mstarini, kanisani, na siku moja ndani ya nyumba nikila ugali, ili nione tu.

Lakini mnada uliopita nilifika nikakuta chini ya turubai pamebaki nyasi. Kijana akaanza kujikunakuna. Kumbe kuna mama mwingine, wa kule Endasak, mwenye mwili kama wangu au umenizidi kidogo, naye amefanya makubaliano, na yeye anaongeza elfu mbili juu ya bei. Alikuja na Noah ya kwanza, akaondoka na makoti matatu, likiwemo la kahawia la mkanda. Matatu! Mwanamke mmoja ana migongo mingapi? Nimemtumia salamu kwa kijana kwamba mimi ni mtu wa amani, nina hamu ya kumfahamu, na kama lile la kahawia la mkanda linambana kidogo kifuani, aniletee.

Amejibu kwamba halimbani. Mnada ujao nalala Katesh.